Ua Jeupe la Malonje

Moto hupita mbuga za Ufipa kuanzia Julai, na ikifika Septemba miteremko ya milima ya Malonje huwa imebaki nyeusi. Mvua hazitarajiwi kabla ya Novemba. Udongo ni mkavu, upepo unapeperusha majivu, na mgeni anaweza kuapa kwamba hakuna kitakachoota hapa mpaka mawingu yafunge. Ndipo maua meupe yanapotokea. Yanakaa chini, yakikaribia kugusa udongo, kila moja likiwa na upana wa sentimita tano hivi, meupe kabisa juu ya weusi wa majivu. Aliyepanda basi la kuteremka Muze, bonde la Ziwa Rukwa, huyaona dirishani akadhani ni karatasi zilizotupwa na abiria wa basi lililotangulia.

Mwandishi wa makala haya alifika Sumbawanga kufundisha baiolojia ya sekondari. Alizaliwa Pwani, akakulia kwenye minazi na mikorosho, na hakuwahi kuishi mahali ambapo jicho linasafiri hadi upeo bila kukutana na mti. Uwanda wa Ufipa umesimama kati ya maziwa mawili, Tanganyika upande wa magharibi na Rukwa upande wa mashariki, yote mawili yakiwa chini sana, karibu mita 800 tu kutoka usawa wa bahari. Mji wa Sumbawanga uko mita 1,800 hivi, na vilele vya Mbizi na Malonje vinapita 2,400. Mwezi wa Juni na Julai wanafunzi husimama mstarini asubuhi mikono ikiwa imezama ndani ya masweta. Nchi ya namna hiyo ina mimea yake, na mwalimu kutoka Pwani huikuta akiwa mgeni kabisa.

Kitabu cha kufundishia nacho hakikumsaidia. Somo la ua hufundishwa kwa hibiskasi na kwa maharage: petali hizi, stameni hizi, ovari hii hapa, chora na uandike majina. Ni somo zuri. Lakini siku aliyowatoa wanafunzi nje ya darasa, msichana mmoja wa kidato cha pili alichuma lile ua jeupe kwenye majivu, akalileta kwenye kiganja na kuuliza, “Mwalimu, na hili linaitwaje?” Swali lilikuwa la haki. Mtoto aliyezaliwa hapo, aliyechunga ng'ombe wa baba yake juu ya maua hayo, alitaka kujua kama elimu anayopewa inalitambua.

Mwandishi aliahidi kumjibu, na ahadi hiyo ikamweka njiani kwa misimu kadhaa. Yanayofuata ni yale aliyojifunza njiani humo.

La kwanza ni kwamba weupe hausaidii. Mtu akisema “nimeona ua jeupe Ufipa” hajasema kitu, kwa sababu mbuga hizi hutoa weupe karibu mwaka mzima. Mvua zikianza, Chlorophytum huchomoza na vijiua vyake vyenye sehemu sita, majani yake membamba kama ya nyasi. Kwenye miinuko yenye mawe kuna Helichrysum, ambayo kinachoonekana kama petali zake ni magamba makavu yanayong'aa na kuchakarika ukiyagusa, na hubaki vilevile hata baada ya kukatwa. Kuna Protea, kichaka kigumu chenye vichwa vikubwa vya rangi ya maziwa. Kwenye mabonde yenye maji kuna Crinum, itokayo kwenye kitunguu kikubwa kilichozama ardhini. Na kuanzia Januari hadi Machi, nyasi zikiwa zimefika magotini, orkidi za ardhini hutoka: Satyrium na Habenaria, zinazostahili kusimuliwa peke yake.

Anayetaka kutambua mmea huanza kwa kuhesabu. Sehemu za ua ni tatu tatu au tano tano? Jibu la swali hilo peke yake huondoa majina mengi. Zikiwa tatu au sita, mara nyingi uko kwenye ukoo wa nyasi, mayungiyungi na orkidi. Zikiwa nne au tano, uko upande wa maharage na hibiskasi. Ua la Malonje lilikuwa na ncha tano. Kwa hiyo Chlorophytum, Crinum na orkidi zote zikatoka kwenye shauri kabla ya mtu yeyote kufungua kitabu, na kazi hiyo waliifanya wanafunzi wenyewe, kwa vidole.

Kuna aliyedhani simu ingemaliza mambo. Mwalimu mwenzake alipiga picha, akaiingiza kwenye programu ya kutambua mimea, na jibu likaja papo hapo: Phlox. Kwa macho ya haraka jibu hilo lina mantiki. Phlox ni maua ya nyika za Amerika Kaskazini, yenye bomba jembamba na ncha tano zilizotandazwa juu yake, na picha ya mbele haionyeshi zaidi ya hayo. Ila Phlox ya porini haipo Afrika. Programu za aina hii hujifunza kutokana na picha ambazo watu wamekwisha kuziweka, na watu wa Ulaya na Marekani wameweka nyingi mno kuliko watu wa Rukwa. Mashine hujibu kwa kile ilichoonyeshwa. Mwandishi hana ugomvi na simu. Anaitumia hadi leo. Lakini jibu lake hulichukua kama fununu, halafu hutafuta ushahidi kwenye mmea wenyewe.

Ushahidi ulikuwa ndani. Walilipasua ua kwa wembe, kutoka juu hadi chini ya bomba, wakalifungua juu ya karatasi. Bomba lilikuwa refu, jembamba, limepinda kidogo, lenye nywele fupi kwa nje. Ncha mbili za juu zilikuwa zimeungana zaidi kuliko tatu za chini, kwa hiyo ua halikuwa duara kamili: lilikuwa na juu na chini. Stameni zilikuwa nne. Phlox ina tano, na kwa hesabu hiyo Amerika Kaskazini ikaondoka mezani. Kisha waliweka lenzi ya mkono juu ya kifuko cha chavua. Mimea mingi ina vifuko viwili kwenye kila stameni, vimekaa ubavu kwa ubavu. Huu ulikuwa na kimoja tu. Ni alama ndogo ambayo hakuna anayeiona akiwa amesimama, na ni alama ya kundi maalumu.

Majani yalikuwa machache, yamelala karibu na udongo, yenye meno pembeni, na yalikwaruza kama msasa.

Halafu likatokea jambo ambalo wanafunzi walilishangilia kuliko yote. Pale wembe ulipopita, pale vidole vilipobana, weupe ulianza kufifia. Ukawa kijivu, ukawa wa bluu iliyokolea, na kipindi kilipokwisha ukingo wa kila kidonda ulikuwa mweusi. Maua yaliyowekwa ndani ya magazeti na kubanwa kwa mbao ili yakauke yalitoka siku zilizofuata yakiwa meusi tititi, utadhani yamechovywa kwenye wino. Mmea huo hubeba kemikali zinazoitwa iridoidi, aukubini ikiwa mojawapo ya zile zinazojulikana sana, ambazo tishu ikiumia hubadilika na kugeuka nyeusi. Wakusanyaji wa mimea wanajua ishara hiyo vizuri. Kwao weusi ndani ya gazeti ni mojawapo ya njia za kuufahamu ukoo mzima.

Ndiyo maana daftari la shambani lina thamani sawa na mmea wenyewe. Rangi hufa. Harufu hufa mapema zaidi. Mtu atakayefungua kabati miaka 50 baadaye ataona kitu cheusi kilichosinyaa, na kama aliyekikusanya hakuandika palepale “petali nyeupe, harufu tamu jioni, ardhi iliyoungua, mteremko wa magharibi”, habari hizo zimepotea na hakuna darubini itakayozirudisha.

Siku moja walipokuwa wakichimba ili waone mizizi, bibi mmoja alikuwa akipita na mzigo wa kuni kichwani. Alisalimiwa, “Shikamoo bibi,” akaitikia, akautua mzigo na kuwatazama. Aliuliza wanataka kulifanyia nini ua lile. Mwandishi akamweleza kwamba wangependa pia kulipanda kwenye bustani ya shule. Bibi akatikisa kichwa. “Halikubali, mwalimu. Mimi nililihamisha nikiwa binti, likafa. Likiondolewa kwenye majani yake halikai.”

Majani, kwa matumizi ya huko, ni nyasi. Sentensi hiyo moja ilikuwa na baiolojia ambayo kitabu cha kidato cha pili hakikuwa nayo. Mwandishi aliwaambia vijana waache kung'oa, wachimbe kwa upana na kwa taratibu, walowanishe udongo, wausafishe kwa maji ndani ya ndoo. Waliona mizizi myembamba ya rangi ya maziwa ikienda pembeni, na pale ilipokutana na mizizi ya nyasi ilikuwa imevimba na kushikana nayo. Ua jeupe la Malonje linanyonya. Lina majani ya kijani, linajitengenezea sehemu ya chakula chake kwa jua kama mimea mingine, lakini maji na madini mengi linayachota kutoka kwa jirani. Wataalamu huita mimea ya aina hiyo vimelea nusu. Kulihamishia kwenye kitalu kisafi, kilichopaliliwa vizuri, ni kulitenga na mahali linapopata riziki.

Sasa njia ilikuwa imefunguka. Bomba jembamba, stameni nne zenye kifuko kimoja kimoja, weusi wa kidonda, mizizi inayonyonya nyasi: mkulima yeyote wa Tanzania anamjua ndugu wa mmea huu. Ni kiduha. Kile kimelea cha mashamba ya mahindi, mtama na ulezi, ambacho mmea wake mmoja hutoa mbegu maelfu kwa maelfu, na mbegu hizo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi zikisubiri mzizi wa nafaka. Kiduha ni Striga kwa jina la kitaalamu, na ua letu ni Cycnium. Zamani wote wawili waliwekwa katika familia ya Scrophulariaceae, lakini mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuingia 2000 uchunguzi wa vinasaba uliwahamishia Orobanchaceae, familia ambayo karibu yote huishi kwa kunyonya mimea mingine kwa namna moja au nyingine. Tofauti ya ndugu hawa wawili ni kwamba mmoja alihamia shambani akawa janga, na mwingine amebaki mbugani, akinyonya nyasi ambazo nazo zinaendelea kustawi.

Baada ya jenasi hubaki spishi. Hapo mwandishi alihitaji kitabu, na kitabu kipo. Mradi wa Flora of Tropical East Africa ulianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012. Ni miaka 60 ya kuorodhesha mimea ya Tanzania, Kenya na Uganda, jumla ikipita spishi 12,000. Sehemu inayohusu kundi hili ilitoka 2008. Vitabu hivyo vinaigawa Tanzania Bara katika kanda za kibotania kutoka T1 hadi T8, na Ufipa imo katika T4, kwa hiyo msomaji wa Sumbawanga anaweza kujua kwa haraka kama mmea unaosimuliwa umewahi kuonekana upande wake.

Cycnium nyeupe zinazoweza kuchanganywa ni mbili hasa. Cycnium tubulosum hupenda mabonde yenye maji na udongo mweusi unaonata. Husimama juu ya shina jembamba, majani yake ni membamba na laini, na maua yake yaweza kuwa meupe au ya waridi. Cycnium adonense hupenda ardhi inayopitisha maji na iliyopitiwa na moto; huwa fupi, majani yake ni mapana zaidi, yana meno na yanakwaruza. Mwanafunzi yuleyule aliyeuliza swali la kwanza ndiye aliyesoma maelezo hayo kwa sauti, akapitisha kidole juu ya jani, akasema, “Ni la pili.”

Ndilo. Cycnium adonense. Si mmea adimu, na mwandishi analisema hilo kwa furaha. Unaota kutoka Afrika Magharibi hadi Ethiopia na kuteremka hadi Afrika Kusini, ambako ndiko vielelezo vilivyotumika kuupa jina katika karne ya 19 vilikotoka. Waongoza watalii wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania huita maua ya jenasi hii maua ya tishu, na aliyeyaona kutoka dirisha la basi anaelewa kwa nini. Kuna tabia ya kudhani kwamba mmea unastahili kujulikana pale tu unapokaribia kutoweka. Mtoto wa Ufipa hakanyagi mimea adimu akienda shule. Anakanyaga huu.

Kwa nini uchanue wakati huo mgumu, juu ya majivu? Sababu moja ni kwamba nguvu yake iko chini. Shina lake la ardhini huvumilia moto unaopita haraka juu ya mbuga, na nyasi zikiwa zimeteketea, ua fupi linaonekana kutoka mbali. Bomba refu na jembamba, rangi nyeupe na harufu inayokolea jua likizama ni sifa zinazoendana na nondo wakubwa wenye mirija mirefu, wanaoruka gizani na wasiohitaji rangi nyekundu wala ya njano kuongozwa. Katika mbuga iliyojaa nyasi ndefu, mdudu huyo angelitafuta kwa shida ua lililo karibu na udongo.

Vitabu vile vya Flora vinataja wakusanyaji, na majina yao yalimwonyesha mwandishi kwamba njia aliyopita ilikuwa imekwisha kukanyagwa. Arthur Bullock, mtaalamu wa mimea, alikusanya Ufipa na bonde la Rukwa kuelekea mwaka 1950 alipokuwa kwenye shughuli za kudhibiti nzige wekundu, ambao bonde la Rukwa ni mojawapo ya mazalio yao makuu. Mary Richards, mwanamke wa Wales aliyezaliwa 1885, alianza kukusanya mimea ya sehemu hizi akiwa amekwisha kupita miaka 60, umri ambao wengi hukaa barazani. Makao yake yalikuwa Abercorn, mji ambao leo ni Mbala, Zambia, na kutoka huko alivuka mpaka na kupanda Ufipa, akipita Mbizi na Malonje, akibana mimea ndani ya karatasi kwa maelfu na kuipeleka bustani ya mimea ya Kew, Uingereza. Aliendelea na kazi hiyo Tanzania hadi miaka ya 1970 na akafariki 1977. Sehemu kubwa ya yale ambayo vitabu vinayajua kuhusu mimea ya uwanda huu ilipitia mikononi mwake.

Lebo nyingi za enzi hizo zina jina la mkusanyaji, tarehe, kimo na mahali. Waliobeba mizigo, walioonyesha njia, waliosema “lile halikubali kuhamishwa”, ni nadra kutajwa. Kwa lebo za shule yake mwandishi aliamua kuongeza mstari mmoja: nani alieleza nini. Bibi wa kuni hakutaka jina lake liandikwe, kwa hiyo imeandikwa kwamba maelezo kuhusu kuhamisha mmea yametolewa na mkazi mwanamke mzee wa kijiji, na tarehe yake.

Kuhusu orkidi hali ni nyingine, na inauma.

Mvua zikiwa zimekolea, akina mama wenye jembe dogo na kikapu huonekana mbugani wakitembea polepole, macho chini. Wanatafuta chikanda. Ni kiazi cha orkidi za ardhini, hasa Satyrium, Disa na Habenaria. Kiazi hukaushwa, hutwangwa, huchanganywa na karanga zilizotwangwa, pilipili, chumvi na magadi, kisha hupikwa mpaka mchanganyiko ushikane na uweze kukatwa vipande. Walaji wakubwa wako Zambia, na mlango mkuu wa biashara hiyo ni Tunduma. Mwaka 2003 Tim Davenport na Henry Ndangalasi walichapisha uchunguzi wao katika jarida la Oryx, wakikadiria kwamba viazi kati ya milioni 2.2 na milioni 4.1 huvuka kila mwaka kutoka Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kwenda Zambia. Biashara hiyo ilikuwa miongoni mwa sababu zilizosukuma kuundwa kwa Hifadhi ya Taifa ya Kitulo, iliyotangazwa rasmi 2005, ambayo ina aina 45 za orkidi. Orkidi zote ziko chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vya porini. Ufipa haina Kitulo yake.

Satyrium nyeupe ni rahisi kuijua ukishaonyeshwa. Ua lake limejikunja juu kama kofia, na nyuma ya kofia huning'inia mikia miwili myembamba yenye nekta ndani. Habenaria ina mkia mmoja, mara nyingine mrefu ajabu, na mdomo wake wa mbele umegawanyika mara tatu. Mikia miwili, mkia mmoja: mtoto wa darasa la nne anaweza. Mojawapo ya Satyrium hizo nyeupe, Satyrium carsonii, ina jina la Alexander Carson, mhandisi wa London Missionary Society aliyekusanya mimea Fwambo, kusini mwa Ziwa Tanganyika, mwishoni mwa karne ya 19.

Wachimbaji hawangoji mikia. Mwandishi aliongozana nao, na alichokiona kilimfundisha kuliko semina yoyote aliyowahi kuhudhuria. Mama aliyekuwa mbele alikuwa akitazama majani peke yake. Jani nene lililolala chini, mng'ao fulani, mshipa fulani, basi jembe limeshuka. Hakuna ua, hakuna hata kichwa cha ua. Alipoulizwa amejuaje, alishangaa kuulizwa. “Si unaona lilivyokaa?” Kisha akaonyesha viazi viwili vilivyoning'inia pamoja: kimoja kimesinyaa, cha kahawia, chepesi, cha pili kigumu, cheupe ndani, kimejaa. Kile kilichosinyaa ndicho kilicholisha shina la mwaka huu. Kile kilichojaa ni cha mwaka ujao, na ndicho kinachouzwa.

Hapo ndipo hesabu ilipo. Kila kiazi kizuri kinachoingia kikapuni ni mmea ambao hautachomoza tena. Mbegu za orkidi ni vumbi, hazina akiba ya chakula ndani yake, na haziwezi kuota mpaka zikutane na kuvu maalumu udongoni. Kwa hiyo kilichochimbwa hakirudi kwa haraka. Mama yule analijua hilo vizuri zaidi ya mtu yeyote. Alisema zamani chikanda ilichimbwa nyuma ya nyumba, na sasa wanatembea tangu alfajiri. Hakusema kwa kulalamika. Alikuwa akieleza bei. Ada ya shule ya mjukuu wake ilikuwa ndani ya kikapu hicho, na mwandishi hakuona haki ya kumhubiria.

Anachoona ana haki ya kusema ni hiki: mbuga za Ufipa hazimo vichwani mwa watu kama mahali. Wageni wanaokwenda Msitu wa Mbizi hunyanyua shingo kutafuta mbega wekundu, na wana sababu, maana mbega hao ni hazina. Wakishuka kwenye nyasi huangalia simu zao. Kwenye karatasi za mipango nyasi huitwa eneo la wazi, ardhi isiyotumika, mahali pa kupanda mikaratusi. Mwaka 2015 wanaikolojia wakiongozwa na Joseph Veldman waliandika katika jarida la BioScience kwamba kupanda miti juu ya mbuga za asili huharibu viumbe vinavyotegemea jua na moto, na kwamba mbuga nyingi zinazodhaniwa kuwa misitu iliyoharibiwa ni za kale. Ni kweli pia kwamba Ufipa ilipoteza miti. Wafipa walifua chuma kwa vizazi vingi katika tanuri ndefu kuliko mtu, na tanuri hula mkaa. Historia zote mbili zimo katika ardhi hii. Lakini mmea kama Cycnium adonense, wenye shina lililojificha chini ya moto na mizizi iliyofungamana na nyasi, haukujengeka kwa ajili ya kivuli.

Na nyasi zenyewe zimelisha watu. Kilimo cha matuta ya duara cha Wafipa, ntumba, huanza kwa kukata nyasi na kuzifukia chini ya udongo zioze; maharage hupandwa juu yake, na baadaye tuta husambazwa ili ulezi upate mbolea. Nchi isiyo na miti mingi iligundua kwamba rutuba yake iko kwenye majani.

Kwingineko mbuga za namna hii zimekwisha kupotea: jimbo la Illinois, Marekani, lilikuwa na ekari zipatazo milioni 22 za nyika kabla ya plau kufika. Sehemu iliyobaki katika hali yake nzuri haifiki ekari elfu tatu, na vipande vyake vingine viko makaburini na kandokando ya reli, mahali ambapo trekta haikuruhusiwa au haikufika. Huko, watu wazima hujitolea Jumamosi zao kutambua ua jeupe moja moja na kukusanya mbegu kwa mkono. Ufipa bado ina mbuga ambayo mtu anaweza kutembea ndani yake kutwa nzima.

Kijiji kimoja jirani na shule kilipoanza kuandaa mpango wa matumizi ya ardhi, mwandishi na wanafunzi wake waliomba nafasi kwenye mkutano. Walipeleka orodha: jina la kitaalamu, mahali ulipoonekana, mwezi wa kuchanua, unatumiwaje. Safu ya mwisho, jina la Kifipa, ilikuwa na mapengo mengi, na mwenyekiti alipoona hivyo akawaita wazee wasogee. Ubishi ulikuwa mkali na wa kupendeza, kwa sababu watu wa kaskazini ya kijiji walikuwa na majina yao na wa kusini yao, na kila upande ulitaka la kwake liandikwe. Yameandikwa yote. Nakala moja iko ofisi ya kijiji, nyingine iko maabara ya shule kwenye kabati la vielelezo, na msimu huu wanafunzi wanajaza ukurasa wa orkidi wakianzia kwa wachimbaji wenyewe, mikia miwili upande mmoja na mkia mmoja upande wa pili.